Uwanja Mtupu

Nilipangiwa kufundisha katika kijiji cha Hirbadaw, na Jumamosi zangu zote nilimpa rubani mmoja mstaafu, mgeni aliyekuwa akirusha ndege isiyo na injini kwenye kiwanja cha nyasi nje ya kijiji. Pikapu iliivuta kwa kamba ndefu mpaka ikapaa, kisha dereva akaenda zake sokoni. Chini nilibaki peke yangu na redio ya mkononi na karatasi moja iliyofunikwa plastiki.

Kazi yangu ilikuwa kuisoma karatasi hiyo. Kabla ya kuruka: mikanda, usukani, breki za mabawa, kioo, upepo. Kabla ya kutua: kasi, gurudumu, upepo, uwanja. Nilitaja, yeye akajibu "tayari". Siku ya kwanza nilisoma harakaharaka, akanigombeza.

"Usikubali tayari ya mdomo. Kitu kiguswe, au kionekane kwa macho."

Nilimwona mzee msumbufu, lakini sikukosa hata wiki moja. Sitaficha: hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu marefu kuliko yote.

Si kwamba kijijini nilikosa salamu. Nilisalimiwa kutoka bombani hadi shuleni, nikajibu nzuri, salama, hawajambo, nikapita. Mwezi wa nne mama yangu alifariki Songea. Basi liliharibika njiani, nikafika kaburi limeshafukiwa. Niliporudi nikawaambia walimu wenzangu kwamba nilikuwa na homa, kisha nikaendelea kujibu hawajambo.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita redio iliita, rubani akiwa bado upande wa mlima. Nikasoma. Kasi, tayari. Gurudumu, tayari. Upepo niliutazama kwenye kitambaa cha nguzoni. Uwanja ulikuwa wa kujibiwa na mimi. Nilikuwa nimeukagua nusu saa kabla, jua lilichoma, na siku hiyo nilikuwa nimechoka na kila kitu.

"Uwanja mtupu," nikasema bila kugeuza shingo.

Nilipogeuka, ng'ombe walikuwa wametapakaa katikati ya nyasi.

Ndege ya namna ile ikishashuka hairudi juu kujaribu tena. Nilikimbia nikipiga kelele, na kwa kuwa nina hasira za karibu, yaliyonitoka hayaandikiki. Mzee mmoja aliyekuwa akiwachunga akasimama, na ng'ombe wakasimama naye. Ndege haikuwa na mlio. Alichokiona yeye ni mwalimu aliyepandwa na wazimu.

"Mwalimu," alisema taratibu, "hata shikamoo huna?"

"Shikamoo, babu. Nisamehe. Kuna ndege inashuka hapa."

"Marahaba." Alitazama juu, akaiona, akapiga mluzi. Ng'ombe wakaanza kusogea, nami nikawa nawasukuma kwa viganja. Lakini salamu kwa mzee yule haikuishia kwenye marahaba. "Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Mama naye?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Sijui kwa nini halikutoka.

"Mama amefariki, babu. Mwezi wa nne."

Mzee alimpiga ng'ombe wa mwisho fimbo ya mgongoni, tukatoka kwenye nyasi, na upepo wa ndege ukapita nyuma yetu.

Rubani alishuka, akanijia moja kwa moja. "Uliutazama uwanja?"

"Hapana."

Alinyoosha mkono, nikamrudishia karatasi na redio. Hakunigombeza. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikijua kwamba Jumamosi zangu zimekwisha, na nililia njiani kama mtoto.

Kesho yake, baada ya ibada, nilisikia hodi. Yule mzee alikuwa uani pamoja na majirani, wanawake kwa wanaume, na kibuyu cha maziwa. Walikuwa wamekuja kukaa msibani. Niliingia ndani kuwatolea viti, ndipo nikaona kwamba nyumba nzima nilikuwa na kiti kimoja.