Kijiji cha Baba Mkwe

Nduku aliolewa kijijini Kwa Nyamai akiwa na miaka kumi na saba, na kwa miaka hamsini na tisa hakuwahi kulitamka jina la kijiji hicho. Si kwamba alilisahau. Nyamai alikuwa baba mkwe wake, na mwanamke wa Kikamba aliyelelewa vizuri hamtaji baba mkwe kwa jina, hata kama amezikwa zamani. Akiulizwa sokoni anatoka wapi, husema tu, "Huko chini mtoni."

Mimi ni jirani wa mlimani, na hadithi ya kijiji hicho amenisimulia mpaka naijua kuliko ya kwetu. Mzee, ndivyo anavyomwita, alifukuzwa mlimani na ndugu zake kwa sababu alikula samaki. Enzi hizo watu wetu waliona samaki ni nyoka wa majini. Akashuka hadi mto Athi, akasuka mitego ya fito, akaishi na kambare wake. Ulipofika mwaka wa njaa, wale wale waliomcheka waliteremka na vyungu bila haya, na wengi hawakurudi tena mlimani. Kijiji kikapata jina lake hivyo.

Siku hizi malori yamekomba mchanga mpaka kwenye mwamba. Samaki hakuna. Wana wa Nduku wako mjini Emali, majirani walihama mmoja mmoja, akabaki yeye na makaburi.

Mwezi wa pili watu wa ardhi walikuja kuandika vijiji. Kisichoandikwa kingehesabiwa kuwa malisho ya watu wa mlimani, na Mutunga, mwenye malori, alikaa mbele kabisa mkutanoni akiyasubiri malisho hayo.

"Shosho, hii kijiji inaitwa aje?" karani, kijana Irungu, akauliza.

"Inaitwa kwa yule mzee."

"Mzee gani?"

"Mwenyewe."

"Sasa niandike Mwenyewe?"

Watu wakacheka. Nduku akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga upya, akainamisha uso.

"Nyamai," akasema. "Ni Kwa Nyamai."

Machozi yakamtoka hapo hapo. Wanawake wa rika lake waligeukia kando kana kwamba amevua nguo mbele yao. Irungu hakuelewa kitu. Akaandika.

"Sawa. Nataka shahidi wa pili. Nani mwingine anajua hii jina?"

Mutunga akageuka akaniangalia. Mwanangu ni dereva wake. Nilikuwa na la kusema, tena refu, na mimi si mtu wa kukosa maneno. Nikaangalia viatu vyangu. Naona aibu hadi leo.

"Hakuna?" Irungu akapiga mstari juu ya alichoandika, akaita kijiji kingine.

Nduku hakunitazama. Alikuwa bado ameinama, akimwomba mzee msamaha kwa Kikamba.