Wote Walimjibu "Vizuri, Afande"

Dismasi alipostaafu uaskari wa magereza, wenzake walinunua mitumbwi na mashine za kukoboa. Yeye akarudi darasani. Kazini alikuwa amewafungulia lango watu wengi wakitoka na vifurushi vyao kwapani, na baadhi yao akawapokea tena kabla mvua hazijakatika. Kwa nini wanarudi? Swali hilo alilipeleka chuo kikuu likawa utafiti wake wa shahada ya uzamili, na aliamini hakuna mwanafunzi mwenye bahati kama yake: wafungwa wa zamani Kigoma nzima aliwajua kwa majina.

Bahati hiyo ndiyo iliyomponza.

Kijijini Kidahwe alimfuata Selestini, mmoja wa wafungwa hao wa zamani. Mama mtu akamwamkia, "Mwakeye," akampa kigoda, akasema mwanawe kasafiri. Hapohapo mlango wa nyuma ukabamizwa na mtu akatimua mbio kuelekea migombani. Ujiji, Jeremia alijibu kila swali kwa wimbo mmoja. Ndugu walikupokeaje? Vizuri, afande. Kazi je? Vizuri, afande. Na mtu mwenyewe analala kwenye kibanda cha nyavu mwaloni, kando ya ziwa.

Mhadhiri aliyemsimamia alipoyasoma majibu hayo akapiga simu. "Mzee Dismasi, watu wote hawa wana raha? Haya ni majibu ya gwaride. Rudi ukazungumze nao."

"Nazungumza nao, mwalimu! Hawasemi!"

Akapanda bodaboda kwa hasira hadi Gungu. Faustini alikuwa akiziba pancha mbele ya nyumba aliyopanga, madereva kadhaa wakimsubiri. Alipomwona Dismasi aliangusha tairi, akasimama wima.

"Keti, bwana. Nimekuja kama mwanafunzi tu. Maisha ya uraiani yakoje?"

"Mazuri, afande."

"Achana na afande. Majirani wanakuchukuliaje?"

"Vizuri, af... vizuri."

Dismasi aliona masomo yake yote yanateketea. "Faustini!" Sauti ikamtoka, ileile ya zamani. "Sema kweli!"

Faustini akachuchumaa. Akachuchumaa palepale vumbini, macho chini, kama wafungwa wanavyochuchumaa wakihesabiwa. Hakuamua yeye, miguu ndiyo iliyoamua. Madereva wakatazamana. Mmoja akaokota tairi lake, halijazibwa, akaondoka nalo.

Leonia, mke wa Faustini, akatoka na mwiko mkononi. "Shikamoo, mzee," alisema, maana adabu hakuiacha. "Watu wa hapa walijua miaka ile yote mume wangu alikuwa Mpanda, kwenye mashamba ya tumbaku. Unauliza majirani wanamchukuliaje? Kuanzia leo utajua."

Dismasi akainama kumwinua Faustini. Faustini akazidi kujikunyata.

Mwezi haukuisha, mwenye nyumba akataka chumba chake. Dismasi alipokwenda kuomba radhi, alikuta pameachwa doa la oili tu, na jirani aliyemwambia kwamba mume na mke wamepanda basi la Kasulu.

Akamsimulia mhadhiri yote kwa simu, akitarajia kukemewa. Mhadhiri akachangamka. "Mzee wangu, hilo sasa ndilo la kuandika! Hayo ndiyo matokeo yenyewe!"

"Matokeo?" Dismasi alisimama barabarani, bajaji zikimpigia honi. "Nimemfukuzisha mtu kwake, nimemkosesha riziki, nawe unaniambia matokeo?"

Akakata simu. Sura hiyo ya utafiti wake hajaiandika hadi leo, na shahada haijatoka. Wakimuuliza nyumbani masomo yanaendeleaje, hunyanyuka akatoka nje.