Kiti Kirefu cha Mama

Kwiii. Mlio mrefu wa ngozi kavu ikivutika, halafu pumzi ya mtu aliyechoka ikitoka taratibu. Mwanangu, nimesikia muziki mwingi maishani, na wewe unajua napenda kuimba hata nikiosha vyombo, lakini mlio ule bado uko masikioni mwangu kama wa jana.

Mimi bado si mzee. Mvi sina, labda zile mbili unazonichekea. Ila kuna jambo mama yangu mkubwa alinifundisha, na nisipoliandika sasa nitakuja kulisimulia vibaya.

Siku moja bibi yako, yaani mama yangu, alipandishwa huku Sumbawanga kutoka Milepa. Miguu ilikuwa imevimba, na nesi alikuwa amesema lazima alale ainyanyue miguu, tena arudi kliniki mpaka uvimbe uishe. Mama mkubwa, dada yake wa Ilemba, ndiye aliyemsindikiza, na gunia la ulezi wa mama juu ya gari, maana mama hakuwa mtu wa kufika kwa watu mikono mitupu.

Baba yako, Deus, akasema kwa moyo mweupe kabisa, "Mama alale chumbani kwetu. Sisi tutatandika chini."

Mama akajifunika kanga mpaka puani. "Kitanda cha mkwe? Bora nikalale stendi!"

Usicheke. Mama alilelewa hivyo: mama mkwe halali kitandani kwa mkwe wake, wala hata kwenye godoro alilolikalia. Siku hizi wengi hawajali. Yeye alijali, na heshima yake ilikuwa ndiyo nguo yake ya mwisho. Nikamtandikia mkeka, lakini sakafu ya saruji na baridi ya huku juu, kwa mtu aliyezoea joto la bondeni! Asubuhi nilimkuta kwenye kiti cha plastiki, ameketi wima, miguu imejaa kuliko jana. Akaniambia kwa upole, "Nitafutie gari la Milepa, mwanangu. Nisiwasumbue." Na kule Milepa hakukuwa na matibabu yale.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko. Mama mkubwa akanifuata, akanipa ncha ya kitenge chake nijifute.

"Dada yangu hawezi kulala kwa mkwe," alisema. "Lakini kukaa anaweza. Mtafutie kiti kirefu, cha kujinyoosha mchana na hata usiku. Wageni wakija, amekaa. Wakiondoka, amepumzika. Na kiwe mali yake, kisinunuliwe na mkwe. Ule ulezi ni wake."

"Nimwambie fundi atengeneze?"

"Fundi atakuambia wiki ijayo, na mbao zake mbichi zitapinda. Tafuta cha zamani, kilichokwisha kukauka. Twende."

Tukaenda kwa mzee mmoja hapa Chanji aliyekuwa anauza samani zilizotumika. Mwanangu, mimi ni mtu wa ndoto. Nilikuwa naangalia picha za sebule za watu kwenye simu mpaka chaji inaisha. Kwa hiyo macho yalikwenda moja kwa moja kwenye kimoja chenye nakshi, kimepakwa rangi ya dhahabu, mikono imejikunja pande zote mbili kama pembe za kondoo.

"Hiki hapa!" nikasema. Nilishakiona chini ya dirisha langu, na pazia jipya.

Mama mkubwa akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Unamtafutia mama yako pa kulala, au unatafuta pa kupigia picha?"

Muuzaji akacheka, akageuka pembeni. Mimi sikuwa na pa kutazama.

"Haya, jinyooshe," akaniamuru. Nikajinyoosha. Miguu ikagonga ule mkono wa chini. "Mama yako ni mrefu kuliko wewe. Ile miguu ya kunyanyuliwa utaitia wapi? Mfukoni?" Kisha akamwambia muuzaji, "Baba, tusaidie kukigeuza." Kilipopinduliwa akakigonga kwa kiganja, na unga laini ukamwagika kwenye matundu madogo madogo. Wadudu walikuwa wanakula ndani huku nje kunang'aa.

Nyuma ya makabati kulikuwa na kingine, cheusi kwa uzee, kichwa upande mmoja tu, miguuni wazi. Viungo vyake vimechomekwa bila msumari hata mmoja, na juu kimesukwa kwa mikanda ya ngozi ya ng'ombe. Kibaya, nilijisemea. Mama mkubwa alikigeuza, akakigonga, hakikutoa kitu. Akakinusa. Akakaa, akasimama, akakaa tena, apime kama mgonjwa atainuka bila kuvutwa mkono. Mwisho akauliza kwa sauti ya chini, "Kilitoka kwa nani, baba? Aliachana nacho vipi?"

"Kwa mwalimu mmoja mstaafu. Amehamia kwa mwanawe, mzima wa afya."

"Basi, baba, tutakulipa kwa gunia la ulezi."

Kilifika nyumbani kwa mkokoteni, tukakiweka sebuleni karibu na mlango, mama aone wapita njia. Akakitazama akiwa palepale kwenye plastiki.

"Mkwe amekikalia?"

Deus alikuwa amesimama nje, mgongo ametugeuzia. Akajibu kutoka huko huko, "Mama, mimi hata kukigusa sijakigusa. Hata mkokoteni nilikuwa nautazama kwa mbali!"

Mama akacheka. Tangu afike sikuwa nimemsikia akicheka. "Basi hiki ni kiti changu," akasema, akajinyoosha. Kwiii. Akasinzia mchana kweupe, mdomo wazi, miguu juu ya mto.

Kliniki ya safari ile aliimaliza. Akapanda gari la Milepa kwa miguu yake mwenyewe, akawa anakuja kila alipoitwa na daktari, na kila akija kiti kilikuwa chake. Misimu kadhaa ya ulezi ilipita hivyo, mpaka safari moja hakuja tena. Baba yako mpaka leo hajakikalia. Akichoka anakaa chini, anakiegemea.

Mwanangu, siku utakapochagua cha kuweka nyumbani kwako, hasa cha zamani, muulize kwanza yule atakayekilalia anaona aibu gani na anaumwa wapi. Kigeuze uone chini. Jinyooshe juu yake mbele ya watu, hata wakikucheka. Kipendeze baadaye. Mungu akupe nyumba ambayo wazee watakaa bila kuomba radhi, na akupe mwenza atakayejua kusimama nje kwa heshima.

Juzi ulipokuwa shuleni, nililowesha ile mikanda maana ilikuwa imelegea, nikaanza kuikaza mmoja mmoja kuanzia miguuni. Nilipofika katikati, pale palipobonyea kwa kiuno cha mama, nilipapapasa kwa kiganja. Nikapaacha vilevile, nikaendelea na ule wa mbele.