Firigisi ya Marehemu Raimundi

Ponsiano alipoanza kufundisha falsafa chuo kikuu, watu wa Lipangalala walifurahi kwanza, halafu wakauliza hiyo falsafa inatibu nini. Mama yake, Merina, alijibu kwamba mwanawe anafundisha watu kufikiri. Baadaye ikasikika kwamba anachofikiria ni ng'ombe, mbuzi na kuku, kwamba wanaonewa. Mtaa ulicheka mpaka ukachoka.

Jambo hilo hakulianzia chuoni. Utotoni, kule Mofu walikoishi kabla ya kuhamia Lipangalala, alimwona maksai wa jirani yao Makoye akianguka kwenye tope la mpunga, na fimbo zisikome. Akamuuliza padri: kama mnyama hana dhambi, anaadhibiwa kwa kosa gani? Padri akampeleka seminari. Hakudumu huko, ila swali lilidumu. Aliliandikia tasnifu, akalifundisha miaka nenda miaka rudi, akaitwa kulizungumzia hadi Ulaya. Wanafunzi walimpachika jina la Daktari wa Mifugo, naye hakununa. Nyama aliacha zamani, kimyakimya, bila kumwambia mtu wa nyumbani. Hapo ndipo alipokosea msomi wetu. Kumbi nzima za wageni aliweza kuzieleza, lakini kumweleza mama yake aliogopa.

Baba yake, mzee Raimundi, alipofariki, Ponsiano alirudi. Arobaini ilipokwisha, mama alichinja jogoo, akampakulia mwanawe kwa mkono wake, na juu ya wali akaweka firigisi. Katika nyumba ile firigisi ilikuwa ya Raimundi peke yake. Haikuguswa na mtoto wala mgeni. Kumpa Ponsiano kulikuwa kumkabidhi nyumba ya baba yake.

"Mama, samahani. Hii siwezi kula."

"Huwezi?"

"Siwezi. Mpe Octavian."

Octavian, mtoto wa baba yake mdogo, alikuwa ameketi palepale. Akaipokea, akala. Mama akasema, "Haya, baba," akafunika sufuria. Ponsiano alishusha pumzi. Alikuwa amejiandaa kwa maswali, na hakuulizwa hata moja. Akajiambia atamweleza siku nyingine.

Tangu hapo mambo yote ya nyumbani, kuanzia paa hadi shamba, mama aliyapeleka kwa Octavian. Ponsiano alidhani mama anamwonea huruma yeye kwa sababu yuko mbali. Masika ya mwaka huu Merina aliugua ghafla, akafa kabla mwanawe hajafika.

Msibani alimkuta Octavian amekaa na wazee, akipanga mazishi. Akamfuata mdogo wake Balbina jikoni, kuuliza mbona yeye hakungojewa.

"Kaka, si ulikataa mwenyewe?" alisema Balbina. "Siku ile ulipoondoka, mama alilia. Alisema Ponsiano amenirudishia nyumba ya baba yake."

"Nilikataa nyama, Balbina. Mimi nyama sili."

"Basi ungesema, kaka. Mama angekupikia kisamvu."

Makaburini padri aliuliza msemaji wa familia ni nani. Ponsiano alipiga hatua moja, lakini watu walikuwa wameshampisha Octavian. Huyo akaongea vizuri, bila kumkosea mtu. Ponsiano akarudi nyuma, akalia bila kujificha. Iliuma, na hakukuwa na wa kumlaumu.

Mama mmoja aliyehamia mtaani karibuni akamsogelea, akampa pole.

"Marehemu mlikuwa mnahusiana vipi, baba?"

"Ni mama yangu mzazi," alisema.