Mama Perpétue Aomba Saa Isiwe Dhahabu

Kwa heshima zote na kofia mkononi, tunawatangazia wakaaji wa Kamalondo, wachungaji, wenye baa na wateja wao wasiotoka, kwamba mama Perpétue Chilufya, mshonaji wa nguo, ndiye mtu pekee mjini aliyefunga siku tatu ili Mungu ainyime familia yake mali.

Mambo yako hivi. Baba yake, mzee Bwalya, alipotimiza miaka ishirini ya kuchimba shaba, kampuni ilimpa saa ya mfukoni, ya rangi ya dhahabu, na mnyororo wake. Saa ililala ndani ya mfuko wa shati, na Perpétue mdogo alilala juu ya shati, kwenye kifua cha baba kilichojaa vumbi la mgodi. Tik, tik, mpaka usingizi. Kisha mzee akafa. Kwa desturi ya Wabemba urithi haukushuka kwa mtoto, ulipita kando ukaenda kwa mwana wa dada, ndiye Casimir. Perpétue alipata sufuria mbili na blanketi. Miaka arobaini alishona akisikiliza cherehani, akitafuta ndani yake ule mlio. Cherehani inaongea mengi, lakini si lugha ile.

Casimir aliitunza saa namna watu wa mji wa shaba wanavyotunza chuma chochote chenye wekundu: kila Noeli, ndimu na majivu, anasugua mpaka inang'aa kama sufuria inayongojea wakwe. Mwaka huu akasikia kwamba saa za zamani ni utajiri. Jumapili akaanza kutembea Karavia, mtaa wa matajiri, anachagua nyumba akiwa barabarani.

"Kama iko or, dhahabu ya kweli, nauzisha," alimwambia Perpétue. "Kama haiko or, utakamata. Nimechoka na kilio yako."

"Weye uombe ikuwe or, mufyala. Miye naomba ikuwe bati."

Mtoto wa kaka na mtoto wa dada ni mufyala kwa mufyala. Kati yao matusi ni salamu.

Wakaenda pamoja kwa Sylvain, fundi wa saa, mwenye meza yake chini ya mwavuli wa jua. Akaipima mkononi, akafungua mgongo kwa kisu chembamba, akaweka lupu, kioo cha kukuzia, jichoni.

"Iko ya ku Suisse, kwenye saa za bei," alisema.

Casimir akakaa vizuri. Perpétue akafumba macho.

"Lakini muone hapa ndani, baliandika plaqué. Or ilikuwa ya kupakaa tu, ngozi. Na ile ngozi, nani aliitoa?"

Casimir akaangalia mikono yake.

"Ndimu," alisema Perpétue. "Na majivu. Kila Noeli."

"Papa," fundi alimwambia Casimir, "ungeiacha na uchafu wake, bantu ya kukusanya bintu ya zamani bangekupatia bei ya pikipiki. Sasa iko bei ya kuku. Na kuku mwenyewe akuwe mugonjwa."

Casimir akafuta vidole kwenye suruali. Kisha akaisukuma saa juu ya meza bila kumtazama mtu.

"Kamata, mufyala. Ilikuwa ya baba yako."

Sylvain akatia tone la mafuta, akazungusha kitufe chake cha pembeni. Saa ikatembea. Perpétue akaipeleka sikioni, na fundi akazima redio yake bila kuombwa. Mama alisimama hivyo, kichwa kimeinama upande, mpaka wateja wawili wakaja na kwenda zao. Hata Casimir, aliyekuwa ametoka kupoteza nyumba ya Karavia, aliuliza polepole:

"Iko vile vile?"

"Hapana," alisema mama Perpétue. "Inakosa kikohozi ya baba."