Nilivyomwagiza Chai Bibi Ona

Nakumbuka alasiri moja ya theluji, mwanangu, nilipomwagiza mgonjwa wangu chai kana kwamba ni mhudumu wa mkahawa. Wewe unayeanza kazi ya kutunza wazee huko Louisville, nisikilize kidogo, maana vitabu vyangu vyote vya chuo havikunionya.

Nilikuwa mwanafunzi hapa Buffalo, na ili nipate pesa ya pango nilimhudumia bikizee mmoja nyumbani kwake, mtaa wa Black Rock. Bibi Ona alikuwa Mlithuania. Kiingereza alichokisema maisha yake yote ya ukubwani kilikuwa kimemponyoka kwa uzee, akabaki na lugha ya utotoni. Asubuhi alikaa naye Mama Sifa, Mkongo wa Bukavu. Mchana nilipokea mimi. Tatizo letu lilikuwa moja: Bibi hanywi chochote.

"Dokta amesema kama hanywe mpaka Ijumaa, wanamupeleka hopitali," Mama Sifa aliniambia siku moja akivaa koti. "Na akitoka mu nyumba yake, donc, hatarudia tena."

"Nimempikia chai ya maziwa, nikatia na tangawizi."

"Ile yako ni uji, kijana. Hata miye siwezi kuikunywa."

Basi nikafanya afanyalo msomi akishindwa: nikajifunza. Kesho yake ndani ya basi nilitazama kwenye simu somo la Kilithuania la wanaoanza, mteja na mhudumu mkahawani. Nikakariri maneno ya mteja, kwa kuwa yalikuwa mafupi: *Prašau arbatos*. Ile š hutamkwa kama sh yetu. Niliyarudia kwa sauti mpaka mama mmoja kwenye kiti cha mbele akahama.

Nilipofika nikachemsha maji, nikaketi mbele ya Bibi, nikasema kwa kujiamini: "*Prašau arbatos*."

Akaniangalia. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba sikumkaribisha chai. Nimemwomba chai, tena kwake. Mwanangu, kwetu mgeni haombi. Mgeni hungoja, na akikaribishwa husema ameshiba, hata kama utumbo unalia. Nilipokuwa mdogo bibi yangu alinifinya paja kwa kulitazama tu birika la jirani. Nikataka kuomba radhi, lakini mkahawa wa kwenye simu haukunifundisha radhi.

Bibi Ona akashika ukingo wa meza, akainuka. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akaupiga kofi. Akatoa bilauri mbili na limau, akalikata polepole, nami nikakaa kama mtoto aliyefinywa. Akamimina. Yangu akaisogeza kwanza, kisha akanikazia macho. Nikanywa. Ilikuwa chungu na chachu, haina chembe ya sukari. Aliporidhika kwamba mgeni wake amehudumiwa, akainua yake akanywa, akanywa tena, mpaka limau likabaki peke yake chini ya bilauri.

Nilipompigia Mama Sifa kumsimulia, alicheka mpaka akakohoa. "Weye, na masomo yako yote, unaagiza mugonjwa chai?" Kicheko kilipokwisha akasema: "Bon. Nifundishe iyo maneno."

Tangu hapo Mama Sifa akawa anaomba asubuhi, mimi naomba mchana, na Bibi anatumiminia huku akitugombeza kwa maneno tusiyoyajua. Ijumaa daktari alikuja, akamkuta mezani akimkatia limau Mama Sifa. Hakupelekwa popote. Aliishi humo nyumbani kwake mpaka Mungu alipomwita.

Nasaha yangu ndiyo hii. Utaingia nyumba za wazee ukiwa na mikono miwili ya kutoa: dawa, chakula, blanketi. Toa. Lakini anayepewa tu kutwa kucha huanza kujiona mzigo, na mzigo hauna hamu ya chai. Kwa hiyo mwombe kitu. Mwombe akuoneshe namna ya kukunja shuka, akuchagulie kitunguu, akumiminie. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilidhani wanasifia zawadi za mgeni. Kumbe mwenyeji hupona kwa kuwa mwenyeji.

Mungu akupe mikono ya kutoa, mwanangu, na uso wa kuomba. Na siku utakapozeeka katika nchi hii ya baridi, akuletee mtoto wa watu akuketie mezani, aombe chai.