Kiti cha Babu Kilivyokwenda Harusini

Nacheka nikiwasimulia haya, lakini uso waniwaka. Simu ilipowekwa dukani petu hapa Amu, kisiwani Lamu, mimi karani ndiye niliyepewa kazi ya kuipokea. Alasiri moja mji umelala, harufu ya asumini yatambaa vichochoroni, simu ikalia. Sauti ilitoka mbali, laini, kama ya mtu anayesema nawe usingizini. Ikaniuliza hali ya mke wangu, watoto, hata kuku.

"Umenisahau, ndugu yangu?" ikasema kwa huzuni.

Kwetu mgeni haulizwi jina mlangoni, na huyu niliona ni mgeni wa sikio langu. Nikaona haya.

"Nikusahau vipi, Athmani?" nikajibu, kwa kuwa binamu yangu Athmani alikuwa Mombasa.

Akafurahi. Akasema anaoa, ataka kuazima kiti cha enzi cha babu, kile cha heshima kilichoko kwangu, akikalie siku ya harusi. Mtu wake angekuja kukichukua. Nilikipangusa mwenyewe, nikakifukiza udi, nikakisindikiza hadi gatini huku nikisikia vigelegele kichwani.

Juzi Athmani aliingia kwangu akitokea Mombasa, akatafuta pa kukaa.

"Kiti cha babu ki wapi?"

"Si kiko harusini kwako?"

Akaniapia hajaoa, wala hajapata kushika simu maishani mwake.

"Twende polisi tukaeleze," akasema. "Huyo mtu alikwambia yeye ni Athmani?"

Nikaikumbuka ile sauti tamu, neno baada ya neno.

"La," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia."